Nani Alilipia Hii Zawadi?

Mwezi wa saba 2023 braza yangu alirudi kutoka Industrial Area na karatasi ya mshahara imekunjwa mfukoni. Akaitandaza mezani kando ya birika la chai, akaweka kidole kwenye laini moja mpya: ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Mathe akavaa miwani, akasoma polepole, kisha akauliza, "Na nyumba yenyewe iko wapi?"

Tulicheka. Lakini swali lilibaki. Tunaishi Jericho, kwa nyumba iliyojengwa na baraza la jiji kabla mathe hajazaliwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo siku hizo nilikuwa na wakati wa kukaa maktaba ya Kaloleni. Nikaanza kulitafutia jibu huko.

Kitu cha kwanza nilichokipata ni kwamba jina si geni. Ushuru wa kwanza Mwingereza aliomtoza Mwafrika hapa, mwaka 1901, uliitwa kodi ya nyumba. Ukiwa na kibanda, unalipa. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, ya wanaume wasio na kibanda. Wengi walilazimika kuitafuta pesa yenyewe kwa kazi ya mzungu, na hiyo ndiyo ilikuwa nia. Mwaka 1920 kodi ilipandishwa hadi rupia 8, sawa na shilingi 16. Mwaka uliofuata walowezi wakakubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Wakati huohuo wanaume walikuwa wameanza kuvishwa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma, ili asitoroke mtu kazini.

Aliyesimama kupinga alikuwa opareta wa simu. Harry Thuku alifanya kazi Hazina, ofisi ileile iliyohesabu hizo kodi, na mwaka 1921 akaanzisha chama kilichochanganya makabila. Walimkamata tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk. Wazee walipotoka kuongea na wakubwa na kuwaambia watu waende nyumbani, mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alipandisha nguo yake juu na kuwaambia wanaume wampe suruali zao kama wao wameshindwa. Umati ukasonga. Risasi zikalia. Serikali ilikubali vifo 21; waliokuwepo walisema ni vingi zaidi. Nyanjiru alikuwa kati ya waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni miaka mingi, akianzia Kismayu.

Halafu, bila kelele, kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Hiyo sehemu watu wengi huijua kidogo. Ile ambayo sikuwahi kuisikia shuleni ilitokea Pumwani miaka hiyohiyo. Serikali ilikuwa imepanga Pumwani iwe mtaa wa Waafrika, na mtaa unahitaji maji, vyoo, ukumbi. Nani alipe? Baraza la mji lilipata ujanja. Lilifungua klabu ya pombe ya kienyeji na kujipa haki ya kuwa muuzaji pekee. Akina mama waliopika busaa kwa nyumba zao wakawa wahalifu, wakimwagiwa pombe na kutozwa faini. Faida ya klabu iliwekwa kwenye akaunti maalum ya maslahi ya wenyeji, na ikatumika kwa huduma za mitaa yetu. Halafu wakubwa wakaja kuzifungua kwa hotuba, na wenyeji wakapiga makofi.

Yaani mwanamume alilipa kodi kutoka kwa mshahara, akalipa tena akinywa, na mke wake akalipa faini. Kisha wakaambiwa washukuru.

Nilipoona hilo, mengine yakapangika yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilibomolewa, mahali ambapo Waafrika, wanawake wengi kati yao, walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe. Shauri Moyo ikajengwa ili wahamie. Mtu aliyekuwa na nyumba yake akajikuta kwa nyumba ya baraza, na hilo likaandikwa kuwa maendeleo.

Mwaka 2017 nilikuwa kijana mdogo nimesimama kwa laini ya supamaketi, natafuta unga wa kilo mbili wa bob 90. Mathe alikuwa amenituma na ndugu yangu tusimame mbali mbali tujifanye hatujuani, ndio tupate pakiti nyingi. Tuliuita unga wa serikali. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Julai 2022 unga ukashuka tena hadi bob 100, na uchaguzi ukawa Agosti. Muda mfupi baadaye, ruzuku ikaisha. Ule unga ulilipiwa na VAT tuliyokuwa tunakatwa kwa sabuni na airtime.

Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja, mtaa haukuhitaji kusomewa. VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Mathe anauza mandazi. Aliipiga hesabu kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi. Pale maskani hatukukubaliana yote. Majamaa wa mjengo waliitetea nyumba nafuu, kwa sababu wao walikuwa wamepata kazi huko, na sikuwa na la kuwajibu. Lakini mkate ulituunganisha. Serikali iliuondoa tarehe 18 Juni, ikidhani tutatulia. Tarehe 25 tulitembea Jogoo Road hadi tao. Watu wakaingia Bunge. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Desemba, sheria nyingine ya ushuru ikatiwa sahihi, na baadhi ya yale mapendekezo yakarudi ndani yake. Nilikumbuka zile shilingi 12. Mwaka 1922 watu walikufa na kodi ikapungua, lakini haikuondoka.

Sisemi tusilipe ushuru. Nyanjiru na wenzake hawakusema hivyo pia. Katika kila kisa nilichosoma, ubishi ulikuwa juu ya hesabu: nani ametoa, nani anatajwa kuwa ametoa. Mathe sasa yuko chini ya SHA. Zamani alilipa NHIF bob 500 kila mwezi, pesa ya mandazi. Sasa mtu asiye na mshahara anapimwa uwezo wake kwa maswali, kisha anaombwa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Anaweka kidogo kidogo kwa mkebe wa majani chai. Redio ikisema serikali inampa afya, yeye huangalia ule mkebe.

Wiki iliyopita tulipita Shauri Moyo na braza. Zile ghorofa mpya zinapanda, palepale walipoletwa watu wa Pangani. Braza alihesabu madirisha kwa kidole hadi ghorofa ya tatu.

"Hilo hapo ni langu," akasema. "Nimelilipia."

Halafu tukapanda matatu, tukarudi Jericho.