Mizani Iliyotundikwa Iringa

Mkoa wa Iringa wa miaka ya 1980, ambao wakati ule ulifika hadi Njombe, Makete na Ludewa, ulihesabiwa pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa miongoni mwa mikoa minne iliyolisha nchi mahindi. Hata hivyo watoto wengi wa mkoa huo walikuwa na utapiamlo. Mtoto wa namna hiyo hapungukiwi kilo tu. Huchelewa kukaa, kutembea na kusema, kwa sababu hana nguvu za kucheza na kudadisi. Mwaka 1983 Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa pamoja wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, wakisaidiwa na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973. Wengi huukumbuka kama mradi wa wafadhili. Mimi naona jambo kubwa lililofanyika pale halikuwa fedha wala dawa, bali kuufanya uzito wa mtoto kuwa shauri la serikali ya kijiji.

Kila baada ya miezi mitatu ilikuwa siku ya afya ya kijiji. Mizani ilining'inizwa, mtoto akavishwa suruali ya kupimia, akabembea huku analia mpaka mshale utulie. Mhudumu wa afya wa kijiji akatia nukta kwenye kadi: kijani kwa mwenye uzito wa kutosha, kijivu kwa aliye chini ya asilimia 80 ya uzito wa umri wake, nyekundu kwa aliye chini ya asilimia 60. Kliniki nyingi zilipima vivyo hivyo na kuishia hapo. Iringa hesabu ilifika kwenye halmashauri ya kijiji kabla ya kupanda kwenda kata na wilaya, na wajumbe wakalazimika kujiuliza kwa nini mwekundu yule ni mwekundu. Jibu mara nyingi halikuwa njaa. Mama alishinda shambani, mtoto akala mara mbili kwa siku, tena ugali mzito ambao tumbo dogo haliwezi kuubeba wa kutosha. Ndipo vikaanzishwa vituo vya kulishia watoto, na uji ukalainishwa kwa kimea, kilekile ambacho wapika pombe ya komoni walikuwa wakikitumia miaka yote bila kuhitaji semina. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Yupo atakayesema chanjo na fedha za Italia ndizo zilizofanya kazi. Zilisaidia, sikatai, lakini fedha peke yake haimwambii mjumbe ni nyumba ipi ina mtoto aliyekonda. Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye takwimu za leo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu Iringa ukikaribia asilimia 57, juu kuliko mikoa yote nchini, ilhali katika mkoa jirani wa Mbeya uliwakumba karibu theluthi ya watoto. Je, mpango ule ulikuwa bure? Ikumbukwe kwamba mizani hupima uzito, na udumavu ni suala la kimo. Mtoto mfupi anaweza kabisa kuwa kwenye rangi ya kijani. Mpango uliokoa watoto waliokuwa ukingoni mwa kifo, ukawaacha wengine na upungufu ambao chombo chake hakikuweza kuuona. Wala haukupima usemi au michezo. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayoweka malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi bega kwa bega na afya na lishe.

Vijiji vya Iringa na Mbeya leo vina Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, nayo hufanyika kila robo mwaka, kama ilivyokuwa wakati ule. Halmashauri za wilaya na miji nazo zimetakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mwananchi anayehudhuria mkutano wa kijiji na aulize hesabu za siku hiyo zilijadiliwa lini, na nani alipewa kazi gani baada ya kuzisikia.