Rangi za Kuta katika Nchi ya Mara

Msafiri atokaye Bunda kwenda Musoma, kisha akaelekea Butiama, huona matawi ya vyama yaliyopakwa rangi: hapa kijani na manjano, pamoja na jembe na nyundo vya CCM, pale vidole viwili vya CHADEMA. Mgeni hudhani ameuona mpaka wa mataifa mawili.

Historia yatufundisha vingine. Mwaka 1995 Stephen Wasira, akisimama kwa NCCR-Mageuzi, alimshinda Joseph Warioba wa CCM huko Bunda. Baadaye mahakama iliutangua ushindi huo. Wasira akarudi CCM. Mwaka 2015 alishindwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa CHADEMA, ambaye kabla ya hapo alikuwa mbunge wa viti maalumu wa CCM. Mwaka 2025 Wasira akawa Makamu Mwenyekiti wa CCM, Bara.

Hata ukoo wa Mwalimu Nyerere, mwasisi wa CCM aliyezikwa Butiama mwaka 1999, haukuwa na rangi moja. Mwanawe Makongoro aliingia Bungeni mwaka 1995 kwa NCCR-Mageuzi, akiwakilisha Arusha; Vincent Nyerere alishinda Musoma Mjini mwaka 2010 kwa CHADEMA.

Basi ukuta husema kweli ya msimu mmoja tu. Kiongozi huivuka rangi, naye akapokewa kwa shangwe. Bali jirani aliyeacha kumsalimu jirani yake kwa ajili ya rangi hiyo, ni nani atakayewapatanisha? Mwanahistoria asomaye ukuta hana budi kuuliza: chini ya rangi hii, ipo rangi gani?