Windows na Deni la Programu za Jana

Historia ya Windows huandikwa mara nyingi kwa kufuata matoleo yake, toka lile la kwanza la Novemba 1985 hadi Windows 11 ya mwaka 2021, na kila toleo husifiwa au kulaumiwa kwa kile lilichokuja nacho kipya. Mimi naona jambo kubwa liko upande wa pili. Mfumo huu ulitawala meza za ofisi kwa sababu ulikataa kuitupa programu ya jana, na ukaidi huohuo ndio unaoeleza nguvu zake, kasoro zake na hatari zake. Dalili zipo mbele ya kila mtumiaji. Diski kuu inaitwa C, ilhali A na B hazionekani, kwa kuwa herufi hizo zilitengewa flopi enzi ambazo kompyuta nyingi hazikuwa na diski ya ndani kabisa. Mwenye Windows 10 akijaribu kuipa folda jina la CON atakataliwa, kwa sababu katika DOS, mfumo uliotangulia Windows, jina hilo liliwakilisha kibodi na skrini.

Mazoea hayo yana umri mkubwa kuliko Windows yenyewe. Mwaka 1980 Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products aliandika mfumo endeshi wa prosesa ya Intel 8086, akiufananisha kwa makusudi na mfumo wa CP/M wa Gary Kildall ili programu za CP/M zihamishike bila taabu kubwa. Microsoft iliununua, ukawa DOS, na tarehe 12 Agosti 1981 IBM ikazindua kompyuta yake iliyouzwa na mfumo huo. Microsoft ilibakiwa na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Compaq na wenzake walipounda mashine zinazoendesha programu zilezile za IBM, mnunuzi akawa na swali moja tu dukani: je, programu zangu zitafanya kazi humu?

Windows 1.0 haikulijibu swali hilo vizuri, wala haikupendwa. Mambo yalibadilika Mei 1990 ilipotoka 3.0. Juu ya prosesa ya 386, toleo hilo liliweza kuendesha programu kadhaa za DOS kwa pamoja, kila moja ikiamini kwamba kompyuta nzima ni yake peke yake. Mhasibu aliyezoea programu ya hesabu ya Lotus 1-2-3 hakulazimika kuiacha ili apate madirisha na kipanya. Aliingia nayo humo.

Ugumu wa ahadi hiyo ya kuzitunza programu za zamani ulijitokeza hasa katika miaka iliyofuata. Dave Cutler, mhandisi aliyetoka kampuni ya Digital, alijiunga na Microsoft mwaka 1988 kujenga mfumo mpya toka msingini, Windows NT, uliotoka Julai 1993. Ulikuwa imara: programu moja ikianguka, nyingine hazikuvutwa nayo. Hata hivyo ulihitaji kumbukumbu nyingi, na haukuruhusu programu kugusa vifaa vya kompyuta moja kwa moja, jambo ambalo michezo mingi ya DOS ililitegemea. Kwa hiyo Microsoft ililea mifumo miwili kwa miaka minane, huu imara wa ofisini na ule dhaifu wa nyumbani, mpaka Windows XP ilipowafikishia watu wa kawaida kazi ya Cutler tarehe 25 Oktoba 2001. Katika mfumo ule wa nyumbani ahadi ilitunzwa kwa jitihada kubwa. Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni hiyo, amesimulia kwamba mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa la kusoma sehemu ya kumbukumbu uliyokwisha kuiachia. Mfumo wa awali ulilivumilia kosa hilo, Windows 95 haikuweza. Waandishi wa Windows hawakuulaumu mchezo. Waliandika msimbo wa kuutambua SimCity na kuuchelewesha mfumo usiichukue kumbukumbu hiyo mapema. Huu ni utumishi wa kweli, hata kama unaacha mabaka ndani ya mfumo.

Wapo watakaosema kwamba Windows ilishinda kwa mikataba na ubabe wa soko. Hoja hiyo ina uzito, kwani mwezi Novemba 1999 Jaji Thomas Penfield Jackson wa Marekani alithibitisha kwamba kampuni hiyo ilikuwa na nguvu za ukiritimba. Lakini uamuzi wake ulitaja wingi wa programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows kuwa ndio ukuta uliowazuia washindani. Ukiritimba ulisimama juu ya programu za jana. Pingamizi gumu zaidi ni OS/2 2.0 ya IBM, ya mwaka 1992, iliyoendesha programu za DOS na za Windows kwa ustadi na bado ikashindwa. Nadhani ilishindwa kwa kuwa ilibeba ahadi ya mwingine. Mwandishi wa programu aliyeona kazi yake ya Windows inakubalika pande zote mbili hakuwa na sababu ya kuandika ya OS/2, na zilipokuja programu mpya za Windows 95, IBM ilibaki nyuma.

Apple ilifuata njia tofauti. Imebadilisha aina ya prosesa mara tatu, na mwaka 2019 iliziondoa programu zote za biti 32 katika mfumo wake, na bado inastawi. Hilo linaonyesha kwamba njia ya kukata ipo, kwa kampuni inayounda mashine zake yenyewe na yenye wateja waliokubali gharama. Kiwanda chenye mtambo unaoendeshwa na programu ambayo mwandishi wake hajulikani tena hakina hiari hiyo. Gharama ya upande wa Windows nayo si ndogo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita katika itifaki ya zamani ya kushirikiana faili, yenye asili katika miaka ya 1980, na kuvuruga hospitali za Uingereza.

Leo mpaka umesogea. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, hivyo programu za biti 16 za zama za 3.0 hazipokelewi tena, ingawa nyingi za biti 32 za miaka ya 1990 zingali zinafanya kazi. Hapo ndipo ninapoona ahadi imepinda. Mfumo unaoipokea programu ya mwaka 1998 unaikataa kompyuta nzima ya mwaka 2015 kwa sababu ya prosesa yake au kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa shule na ofisi za Dar es Salaam au Nairobi zinazonunua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, ahadi kwa programu haitoshi ikiwa mashine nzima isiyo na kasoro inaachwa nje.