MWANAFUNZI ALIKAA WAPI KATIKA DARSA ZA WATANGULIZI WETU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Siku hizi walimu wa skuli wakipelekwa semina huambiwa: mwekeni mwanafunzi katikati ya somo. Muulizeni, msikilizeni, mpeni nafasi ya kufikiri. Wakirudi na maneno hayo, baadhi yetu huku madrasa hucheka na kusema: hayo ni ya Wazungu, sisi tulisoma kwa bakora na tukawa watu. Basi kabla hatujaamua mambo haya ni ya nani, tufungue historia yetu wenyewe, mimi na wewe, tuone mwanafunzi alikuwa amekaa wapi.

TUANZE MADINA

Bukhari amepokea kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa na Maswahaba, akawauliza: kuna mti ambao majani yake hayapukutiki, na mfano wake ni kama Muislamu, ni mti gani? Watu wakaanza kuwaza miti ya jangwani. Ibn Umar akajua moyoni kuwa ni mtende, lakini alikuwa mdogo kuliko wote pale, akaona haya kusema. Mwisho Mtume akawaambia jibu. Baadaye kijana alipomweleza baba yake, Umar (r.a.) alimwambia kuwa lau angelisema, lingekuwa jambo la kupendeza zaidi kwake kuliko mali nyingi.

Tazama hapo. Mtume angeweza kuwaambia tu kuwa muumini ni kama mtende, wakaandika na kuondoka. Lakini aliwauliza kwanza ili vichwa vifanye kazi. Na baba hakusema mtoto hapaswi kuzungumza mbele ya wakubwa. Alisikitika kwamba mtoto alinyamaza.

Tazama tena kisa cha Muawiya bin al-Hakam as-Sulami, alichokipokea Muslim. Mtu alipiga chafya ndani ya swala, Muawiya akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkazia macho, wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Swala ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana. Alimweleza tu kuwa swala haifai kuzungumzwa ndani yake maneno ya watu. Muawiya mwenyewe alishuhudia kuwa hakupata kumuona mwalimu mzuri zaidi, kabla yake wala baada yake.

Na Malik bin al-Huwayrith (r.a.) alikuja na vijana wenzake, wakakaa siku 20. Mtume akatambua kwamba wamewakumbuka jamaa zao, akawauliza wamewaacha akina nani nyumbani, kisha akawaruhusu warudi wakawafundishe watu wao. Nao wanawake walipolalamika kwamba wanaume wamewazidi kwa kumpata Mtume, wakaomba siku yao, aliwapangia siku.

Kwa hiyo ratiba ilifuata hali ya wanaosoma. Hakuna Mzungu hapo, ndugu yangu.

TWENDE KUFA

Umar alipomtuma Ibn Masud (r.a.) kwenda kufundisha mji wa Kufa, Iraq, watu walimpenda hata mmoja akamwomba awape mawaidha kila siku. Yeye akiwapa kila Alhamisi tu. Akakataa, kwa kuchelea kuwachosha, akisema kuwa hivyo ndivyo Mtume alivyokuwa akiwachagulia wao nyakati.

Katika mji huo huo, elimu ya Ibn Masud ilipita kwa Alqama, kisha Ibrahim an-Nakhai, kisha Hammad bin Abi Sulayman, hata ikamfikia Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia. Darsa ya Abu Hanifa ilikuwa ya mjadala. Masuala yalikuwa yakiletwa, wanafunzi wanasema, wanapingana, naye anasikiliza na kusema lake. Ndiyo maana ukifungua vitabu vya madhehebu ya Hanafi mpaka leo utakuta: Abu Hanifa kasema hivi, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wamesema vingine. Rai ya mwanafunzi imehifadhiwa pembeni mwa rai ya mwalimu wake kwa zaidi ya miaka 1,200, na heshima ya mwalimu haikupungua hata chembe.

Huyo Abu Yusuf alikuwa mtoto wa masikini. Inasimuliwa kuwa kwao walimtoa darsani akatafute riziki. Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, aliona nafasi yake i tupu, akauliza, akajua shida, akampa mfuko wa fedha arudi kusoma. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu zama za Harun ar-Rashid. Jiulize: lau mwalimu asingeona ile nafasi tupu?

IBN KHALDUN ALITUONYA

Karne zikapita, na ugonjwa ukaingia. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Muqaddima yake maarufu. Humo aliona wanafunzi wa Maghribi wakikaa madrasa miaka 16, ilhali Tunis ilikuwa miaka 5. Wengi walikuwa wamenyamaza darsani, hawaulizi wala hawajadili, wanakusanya hifadhi tu. Mwisho wao hawana umahiri. Dawa yake aliitaja: ulimi ufunguliwe kwa mazungumzo na mjadala wa kielimu.

Akaandika pia kuhusu ukali. Mtoto anayelelewa kwa mabavu, alisema, moyo wake husinyaa, huwa mvivu, hujifunza uongo na hila ili aepuke mkono wa mwalimu, na mwisho uongo huwa ndiyo tabia yake. Hakuondoa adabu kabisa. Alimnukuu mwanachuoni wa Kimaliki aliyeweka mpaka wa fimbo 3 tu pale inapohitajika. Linganisha na yale yanayofanyika katika baadhi ya vyuo vyetu.

NA PWANI YETU

Hata hapa kwetu tuna mfano. Lamu, Habib Swaleh, aliyetokea Ngazija, alifungua darsa zake kwa watumwa na masikini ambao wengine hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukia. Yeye aliendelea, na kutokana na kazi hiyo ukasimama msikiti na chuo cha Riyadha, kilichotoa walimu walioenea Afrika Mashariki. Alianza na mtu aliye mbele yake, hakuangalia ukoo wake.

SASA WEWE

Kumweka mwanafunzi katikati si kumwachia afanye apendavyo. Muawiya alirekebishwa, lakini alirekebishwa kwa namna iliyomfanya ampende mwalimu na dini pamoja.

Ewe mwalimu, leo ukifunga darsa jiulize mambo matatu. Nani amezungumza zaidi, wewe au wao? Nani hakuja, na unajua kwa nini? Na yule mdogo wao anaweza kukuuliza bila kuangalia kwanza bakora iko wapi?

Nawe mzazi, unayemkabidhi mtoto na kusema mpige utakavyo muradi asome, mkumbuke Umar, aliyetamani mwanawe aseme.

Maana mtoto akikimbia chuo kwa hofu, hakukimbia wewe peke yako. Huenda amekikimbia Kitabu cha Mola wake, na wewe ndiye uliyesimama mlangoni.

Ewe Mola wetu, wafanye walimu wetu wawe na huruma, na watoto wetu wawe wenye kuuliza na kufahamu. Amin.

Ukinufaika, mfikishie mwalimu mmoja unayemjua.

Wabillahi tawfiq.