Microsoft na imani iliyopotea

Kila wiki zinatua mezani kwangu taarifa za makampuni zinazosema "tunathamini imani ya wateja wetu". Nyingi zinaishia kwenye pipa la taka. Ndugu msomaji, hebu tuitazame kampuni moja iliyopoteza imani ya watu, ikairudisha kwa jasho, kisha ikaichezea tena.

Turudi Mei 1998. Serikali ya Marekani na majimbo 20 waliishitaki Microsoft kwa kutumia nguvu ya Windows kuwabana wapinzani, hasa Netscape na kivinjari chake. Kesi za biashara huwa zinachosha, lakini hii ilikuwa sinema. Bill Gates alihojiwa mbele ya kamera, akabishana na wakili hata juu ya maana ya maneno ya kawaida kabisa, na swali baada ya swali akajibu kwamba hakumbuki. Vipande vya mahojiano hayo vilipoonyeshwa mahakamani, jaji mwenyewe alicheka.

Februari 1999 mambo yakaharibika zaidi. Microsoft ilileta video kuthibitisha kwamba ukiondoa Internet Explorer ndani ya Windows, kompyuta inazorota. Wakili wa serikali, David Boies, akakodolea macho maandishi na alama kwenye kioo, akaonyesha kwamba kilichodaiwa kuwa kompyuta moja hakikuwa kompyuta moja. Jim Allchin, kigogo wa Windows aliyekuwa akitoa ushahidi, hakuwa na pa kujificha.

Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikafuta amri hiyo, ingawa ilikubali kwamba Microsoft ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake. Mahakamani ikapona. Mitaani bado.

Mwaka huohuo wa 2001 virusi vya Code Red na Nimda vikapita kwenye seva zake kama moto kwenye nyasi kavu. Na Steve Ballmer, mkurugenzi mkuu wakati ule, akaiita Linux saratani! (Miaka mitatu baadaye mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria kwa Kiswahili. Kama hiyo ni ndugu wa saratani, basi tuliugua vizuri.)

Tarehe 15 Januari 2002 Gates aliwaandikia wafanyakazi wote waraka: pakiwa na kuchagua kati ya kuongeza kitu kipya na kuziba mwanya wa usalama, zibeni mwanya. Waraka ni karatasi tu, kila ofisi inazo. Lakini safari hii kazi ilisimama kweli. Watu takribani 8,500 wa Windows waliacha kutengeneza vitu vipya, wakarudishwa darasani, wakaanza kupekua kazi zao wenyewe. Ilichukua karibu miezi miwili.

Haikutosha. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kikawaumbua. Ndipo Agosti 2004 ikatoka Service Pack 2 ya Windows XP, bure, ikiwa na kinga dhidi ya wavamizi wa mtandaoni ambayo inajiwasha yenyewe. Waliokuwa wajenge Windows mpya walihamishiwa huko, na Vista haikufika madukani hadi Januari 2007, zaidi ya miaka mitano baada ya XP. Kwa kampuni inayoishi kwa kuuza matoleo mapya, huko ni kujikata nyama. Kwa maoni yangu imani ilianza kurudi hapo, si siku ya waraka.

Upande wa ushindani ilikuwa ngumu zaidi. Umoja wa Ulaya uliitoza faini 2004, tena 2008, na 2013 ikalipishwa euro milioni 561 kwa kutotimiza ahadi ya kuwapa watu nafasi ya kuchagua kivinjari. Chini ya Satya Nadella, kuanzia 2014, ikaifanya .NET kuwa huria, na 2016 ikajiunga na Linux Foundation. Wengine wanaita toba. Mimi naona hela ilikuwa imehamia kwenye kukodisha seva, na wapangaji wengi walitaka Linux.

Mwaka huohuo wa 2014 idara iliyotokana na waraka wa Gates ikavunjwa, kazi zake zikagawanywa.

Kisha 2023 wadukuzi wanaohusishwa na China wakasoma barua pepe za maofisa wa Marekani, akiwemo Waziri wa Biashara, Gina Raimondo. Aliyegundua si Microsoft. Ni Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ilikuwa imelipia huduma ya bei ya juu yenye kumbukumbu za nani kafungua nini. Asiyelipia angeonaje? Baada ya kelele, kumbukumbu hizo zikatolewa bure kwa wateja zaidi.

Aprili 2024 bodi ya serikali ilisema utamaduni wa usalama wa Microsoft haukidhi, na kwamba kampuni ilichelewa miezi kusahihisha maelezo yake yenyewe kuhusu uvamizi huo. Mwezi uliofuata Microsoft ikatangaza kwamba sehemu ya malipo ya wakubwa wake itategemea usalama. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani iliwaondoa wajumbe wa bodi ile. Ripoti za maendeleo zilizofuata kuhusu ahadi hizo zimeandikwa na Microsoft yenyewe.