Bwana Msa, Willy Gamba na wasomaji wao vijana

Marekani ilianza kuchapa vitabu vya Hardy Boys mwaka 1927 na vya Nancy Drew mwaka 1930, ambavyo wapelelezi wake ni vijana wadogo. Tanzania haikupata mfululizo wa namna hiyo uliojijengea jina. Vijana wetu walisoma riwaya za upelelezi zilizoandikiwa watu wazima, wakazifanya zao.

Chanzo chake ni Zanzibar. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, kiko mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni, hufumbua mafumbo kwa kufikiri tu. Undugu wake na Sherlock Holmes hauna shaka, ila Kiswahili chake ni cha Unguja hasa. Mfululizo huo uliendelea hadi Kosa la Bwana Msa (1984).

Bara, Faraji Katalambulla alitangulia kwa Simu ya Kifo (1965). Aliyewateka vijana zaidi, hata hivyo, ni Elvis Musiba, ambaye katika Kufa na Kupona (1974) alimleta Willy Gamba, jasusi anayepambana na maadui wa harakati za ukombozi. Kwa msomaji wa Dodoma hiyo haikuwa ngano tupu. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa, mashariki mwa mji huo, palikuwa na kambi za wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine. Mwanafunzi aliyesoma visa vya Gamba aliishi mkoa mmoja na watu ambao jasusi huyo aliwatetea kitabuni. Baadaye Ben Mtobwa akamwongeza Joram Kiango.

Tukumbuke kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, wakati elimu ya msingi kwa wote, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974, ilikuwa imezalisha wasomaji wengi. Kitabu kimoja kilipita mikononi mwa bweni zima.

Wahakiki waliziita riwaya pendwa, jina lenye dharau kidogo, wakizitenga na riwaya dhati. Lawama nyingine ni za haki: wanawake wa Musiba mara nyingi ni chambo au pambo. Lakini anayesema vitabu hivi havikufundisha kitu anasahau kwamba vilimzoeza kijana kusoma Kiswahili kurasa mia mbili bila kungoja mtihani, na kumpa ramani ya Afrika kuanzia Kinshasa hadi Pretoria.

Abdulla alifariki mwaka 1991, Mtobwa 2008 na Musiba 2010. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha Kiswahili, na mtafiti wake atazihitaji nakala za zamani. Zilizobaki majumbani zimeazimwa mno. Nyingi zimekwisha kupoteza kurasa za mwisho, zile ambazo mhalifu hutajwa.