Amande ya rulaji: mbele ya kulipa, ujue unaweza kuikataa

Polisi wa rulaji akikuandikia amande, ile karatasi haiko hukumu. Dekre ya tarehe 6 Agosti 1959, yenye kuongoza kesi za makosa, inaruhusu OPJ akuombe kulipa pesa ili mambo yaishie pale. Ni amande ya mapatano, na haiwezi kupita kiwango cha juu chenye sheria imeweka kwa kosa lile. Pesa inaenda kwa hazina ya Serikali, na unapewa karatasi. Ile yenye wamotari wengi wanaachia pembeni ya barabara haimalizi kitu: kesho utaonyesha nini?

Ukikataa, faili inaenda parke, na parke inaweza kukupeleka kwenye tribinali ya amani. Kule hakimu anasoma PV ya polisi, lakini anasikiliza na wewe. Kwa hiyo andika siku ileile: saa, mahali, alama za barabarani zenye zilikuwa pale, namba ya simu ya abiria wako. Shida ni kama moto imefungwa. Wengi wanalipa tu ili warudie kazi, hata kama hawakukosa.

Ukishindwa, uko na siku 10 za kukata rufaa TGI.